Vrindavan: Mapenzi ya Marumaru na Dirisha la Dawa

Kila mtu anaijua Taj Mahal. Ukiuliza ni nini, utaambiwa ni jengo la mapenzi, mfalme alimjengea mke wake. Sawa. Lakini hebu jiulize, mpenzi msomaji, yule mke alikufa na nini? Mumtaz Mahal alifariki Juni 1631 akijifungua. Na wala haikuwa mimba ya kwanza au ya tano. Alikuwa anamzaa mtoto wa 14. Shah Jahan akalia, akakusanya mafundi, na kazi iliyoanza 1632 ikachukua takriban miaka 20. Marumaru yote ile nyeupe ambayo watu wa fungate wanapigia picha, jamani, ni kumbukumbu ya mama aliyefia leba.

Kitabu cha mwongozo hakikai sana hapo. Kinakimbilia kwenye vito na bustani. Mimi nilikwama hapo hapo, na ndiyo maana makala hii, iliyotakiwa kuwa ya utalii wa wapendanao, imegeuka kuwa ya zahanati.

Tulikuwa India mwaka jana kwa ajili ya mama mkwe. Safari hiyo wengi wenu mnaijua: vipimo Dar, viza ya matibabu, mchango wa ukoo, halafu wiki kadhaa Delhi mnahesabu siku na rupia. Mama alikuwa ameshatoka wodini, wifi yangu yuko naye nyumba ya wageni, akatufukuza mwenyewe: nendeni mkatembee, mnanitazama kama televisheni. Tukaenda Agra, mimi na baba watoto. Wakati wa kurudi dereva akasema kuna mji uko njiani, tukiupita bila kushuka tutakuwa tumekosea sana. "Agra mmeona kaburi la mapenzi," akasema. "Sasa mkaone hekalu la mapenzi. Kule hakuna aliyezikwa."

Mji unaomtaja mwanamke kwanza

Vrindavan ni mji mdogo katika wilaya ya Mathura, jimbo la Uttar Pradesh, karibu kilomita 150 kusini mwa Delhi. Wahindu wanaamini hapo ndipo alipokulia Krishna, mungu mchunga ng'ombe mwenye filimbi, na hapo ndipo alipopendana na Radha, msichana wa Barsana, mji mwingine mdogo wa jirani. Kama walioana au hawakuoana ni mjadala mrefu. Wapo wanaosema walifunga ndoa ya siri, wengi wanasema hawakuwahi. Krishna aliondoka, akaenda kuwa mtu mkubwa huko mbele, na Radha akabaki na jina lake mdomoni. Hadithi ya namna hiyo huku kwetu ingeishia kwenye taarabu. Kule imeishia kwenye ibada.

Kilichonifurahisha ni salamu. Watu wa Vrindavan hawasemi habari yako. Wanasema "Radhe Radhe". Muuza chai anasema Radhe Radhe, mwenye duka anasema Radhe Radhe, na dereva wa bajaji akitaka umpishe hapigi honi tu, anapaza sauti: Radhe Radhe! (Ndiyo, bajaji zile zile. Jina lenyewe tumelipata kwao.) Mungu wao mkubwa hapo ni Krishna, lakini jina linaloombewa njia ni la mwanamke.

Na huko Barsana kuna desturi ambayo nadhani tungeiagiza haraka. Siku chache kabla ya Holi, sikukuu ya rangi, wanaume wa Nandgaon, kijiji cha Krishna, wanakuja Barsana kuwachokoza wanawake, kama Krishna alivyomchokoza Radha. Wanawake wanawapokea kwa fimbo. Fimbo kweli, na wanaume wanakuja na ngao. Mwenzangu aliposimuliwa hilo akasema ana uhakika ratiba yetu haitaruhusu.

Tulifika Prem Mandir jioni. Jina lake maana yake ndiyo hiyo, hekalu la upendo. Ni marumaru nyeupe ya Italia, imechongwa kila mahali, huoni sehemu ya ukuta iliyoachwa ipumzike. Viatu unaacha nje, kiingilio hakuna. Chini yuko Radha na Krishna, ghorofani yuko Sita na Rama, yaani wapenzi juu ya wapenzi. Giza likiingia jengo zima linabadilishwa rangi kwa taa: pinki, bluu, kijani, zambarau. Nitakuwa mkweli, mchana kwenye picha ni zuri zaidi. Usiku linakaribia kidogo ukumbi wa harusi wa Sinza. Lakini watu! Bibi na babu wameshikana mkono, maharusi wapya na hina bado mbichi, watoto mabegani. Hakuna aliyelipa senti.

Baba watoto ni mhasibu. Alisimama pale, mikono nyuma, akatazama ule mnara unavyobadilika rangi, akauliza swali nililojua anakuja nalo.

"Hela yote hii ingejenga zahanati ngapi?"

Taasisi yenyewe

Waliojenga ni taasisi ya hisani ya Kihindu iitwayo Jagadguru Kripalu Parishat, kwa kifupi JKP. Ilitokana na mafundisho ya Kripalu Maharaj, aliyezaliwa 1922 katika kijiji cha Mangarh, wilaya ya Pratapgarh, mamia ya kilomita mashariki ya Vrindavan. Mwaka 1957 wanazuoni wa mji wa Varanasi walimpa cheo cha Jagadguru, mwalimu wa ulimwengu, na tangu hapo wafuasi wakaongezeka mpaka Marekani. Alifariki Novemba 2013. Binti zake watatu wakachukua uongozi, jambo ambalo katika taasisi za dini, za kwao au za kwetu, si la kawaida. Mkubwa wao, Vishakha Tripathi, alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2024, kwenye barabara kuu ya Yamuna, hiyo hiyo tuliyopita sisi kwenda na kurudi.

Mahekalu makubwa ni matatu. Bhakti Mandir pale Mangarh lilifunguliwa 2005. Prem Mandir lilianza kujengwa 2001 na kufunguliwa Februari 2012. La tatu, Kirti Mandir, lilifunguliwa Barsana 2019, na hilo ndilo lililonigusa zaidi japo sikulifikia: limewekwa kwa heshima ya mama yake Radha. Ndani, Radha ni mtoto mdogo, yuko mapajani kwa mama. Katika dini yenye mahekalu yasiyohesabika, kumjengea mama mkwe wa Krishna hekalu zima ni wazo la mtu aliyekaa akafikiri.

Sasa jibu la swali la mhasibu. Katika sehemu hizo hizo tatu, Mangarh, Barsana na Vrindavan, taasisi hiyo ina hospitali. Na hospitali hizo ni za bure. Siyo bure ile ya kumwona daktari halafu unaandikiwa dawa ukanunue ng'ambo ya barabara; daktari bure, kipimo bure, dawa bure, Mhindu au asiye Mhindu. Si hospitali za kwenda kubadilishiwa moyo. Kazi yao kubwa ni ile ya kila siku, ya homa, kikohozi, sukari, presha, macho, meno. Kuna na tiba za asili za Ayurveda na hata homiopathi. Mimi na homiopathi hatuelewani, lakini sikuenda kule kugombana.

Kwa nini dirisha la dawa ni jambo kubwa

Sisi tunaijua India ya wagonjwa wanaofika kwa ndege. Vyumba vyenye kiyoyozi, daktari anakuja na vijana sita nyuma yake, mkalimani yupo. Ni rahisi kusahau kwamba mwanakijiji wa Pratapgarh haijui hiyo India zaidi ya mtu wa Namtumbo anavyoijua.

Uttar Pradesh peke yake, kwa sensa ya 2011, ilikuwa na watu karibu milioni 200. Tanzania nzima mwaka 2022 tulikuwa milioni 61.7. Sasa chukua watu hao wote, wengi wao vijijini, na madaktari ambao kama wetu tu wanapenda kukaa mjini. Pengo hilo linazibwa na watu wanaoitwa kule "jhola chhap", ukipenda madaktari wa begi: hana cheti, ana begi, sindano na ujasiri. Anakuja mlangoni, anakukopesha, anakuchoma drip kwa kila kitu. Wanakijiji si wajinga. Wanapiga hesabu. Hospitali iko mbali, nauli, kibarua cha siku kinapotea, na ukifika huna uhakika wa kumkuta mtu. Wa begi yupo.

Ongeza na mambo ya ndoa. Utafiti wa taifa wa afya ya familia wa 2019-21 ulikuta asilimia 57 ya wanawake wa India wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Zaidi ya nusu! Ni ugonjwa usiopiga kelele. Mwanamke anachoka, anaambiwa mvivu, anabeba mimba akiwa hivyo hivyo, na siku ya kujifungua damu kidogo tu ikimwagika, hana akiba. Mumtaz alikuwa malkia, alikuwa na kila mganga aliyekuwepo wakati ule.

Takwimu za serikali ya India zinaonyesha kwamba katika miaka ya 2004-06, Uttar Pradesh (ikihesabiwa pamoja na jirani yake Uttarakhand) ilipoteza akina mama 440 kwa kila vizazi hai 100,000. Kufikia 2018-20 Uttar Pradesh ilikuwa imeshuka hadi 167. Bado ni kubwa, wastani wa India nzima ulikuwa 97, lakini hapo katikati kuna maelfu ya watoto waliokua na mama. Na tuwe wakweli, hilo halikuletwa na hekalu lolote. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya serikali, iliyoanza 2005 kuwapa fedha taslimu akina mama maskini wanaojifungulia kituoni, na iliyosambaza wahudumu wa afya wa kijiji. Taasisi ya hisani ni nyongeza. Nyongeza nzuri, lakini nyongeza.

Basi hekalu la nini?

Hilo alinifafanulia dereva, tena bila kukusudia. Nilimuuliza mke wake anatibiwa wapi. Akacheka. Akasema kwao mke kijana hatoki hovyo. Akitaka kwenda hospitali, mama mkwe anauliza maswali kumi: unaumwa nini, tangu lini, nani atapika, nani atakusindikiza. Akisema anakwenda hekaluni, mama mkwe anamtafutia maua.

Nilinyamaza kwa kilomita kadhaa. Katika vijiji vingi vya kaskazini mwa India hali ndiyo hiyo. Mke mdogo anajifunika ushungi mbele ya wakwe na kutoka kwake ni kwa ruhusa. Dirisha la dawa likiwa ndani ya mji wa hekalu, mwanamke ana sababu mbili za kufika na analazimika kutaja moja tu. Halafu kuna upande wa fedha. Mtu anayetoa mchango kwa ajili ya Radha na Krishna si lazima angetoa kwa ajili ya vidonge vya kuongeza damu. Marumaru ndiyo inayomleta, na ikishamleta anakuta kuna na kikapu kingine.

Nilimweleza hivyo mwenzangu. Akasema, kihasibu, kwamba hiyo ni gharama kubwa sana ya matangazo. Tulibishana mpaka tulipoona taa za Delhi, na kwa kweli hatujamaliza mpaka leo.

Lango la Mangarh

Ila kuna tarehe moja ambayo upande wangu wa mabishano hauwezi kuiruka. Tarehe 4 Machi 2010, Alhamisi, pale pale Mangarh.

Ilikuwa ni kumbukumbu ya kifo cha mke wa Kripalu Maharaj. Mume amefiwa na mke, anataka kumkumbuka kwa kulisha maskini. Hakuna mila isiyolijua hilo. Sisi tuna arobaini, tuna hitima, tuna misa ya mwaka. Ikatangazwa kwamba kutakuwa na chakula na nguo za bure. Maelfu wakaja kutoka vijiji vya jirani. Lango lililokuwa bado linajengwa likaanguka, watu wakasukumana, walioanguka hawakuinuka. Walikufa 63. Wote walikuwa wanawake na watoto, na watoto ndio walikuwa wengi.

Sijui kama unaisikia uzito wake. Mama ametoka nyumbani alfajiri na watoto watatu kwa sababu ya sahani ya chakula na kipande cha nguo. Hakuwa mlafi. Alijua tu kwamba kinachotolewa mara moja kwa mwaka, kwenye lango moja, hakitatosha, na atakayechelewa amekosa. Msukumano unaanzia kwenye hesabu hiyo. Huwezi kumlaumu kwa kuijua.

Na hapo hapo, kijiji hicho hicho, taasisi hiyo hiyo, kuna dirisha la dawa ambalo watu wanajipanga, wanapata, wanarudi nyumbani, na hakuna gazeti linaloandika. Mtu hasukumi foleni ya dawa akijua kesho dirisha litafunguliwa tena. Mimi ndipo nilipoacha kuuliza mawe au dawa, nikaanza kuuliza lango au dirisha. Hekalu linaweza kuwa na vyote viwili. Hata serikali. Hata mimi na wewe na michango yetu.

Kwetu pia tunalo. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Tuliomboleza wiki moja.

Nisiache pia jambo jingine, kwa sababu anayetoa fedha ana haki ya kujua yote. Ashramu ya taasisi hii huko Texas ilianzishwa na swami ambaye Machi 2011 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa 20 ya kuwadhalilisha watoto kingono. Alikuwa nje kwa dhamana, akatoroka. Dawa za bure kijijini hazifuti hilo, na ukisikia mtu anazitumia kulifuta, ondoka na pochi yako.

Wajane

Vrindavan ina jina lingine ambalo dereva hakututajia: mji wa wajane. Kwa miaka mingi wanawake waliofiwa na waume, wengi kutoka Bengal, wamekuwa wakija au kuletwa hapo kumalizia maisha, wakiimba jina la Krishna kwenye nyumba za ibada ili wapate chakula na rupia chache. Ni maelfu. Mahakama ya Juu ya India iliingilia kati 2012 na kuamuru watunzwe. Mwaka 2013, kwa mara ya kwanza hadharani, wajane wakacheza Holi. Kabla ya hapo rangi zilikuwa mwiko kwao, mavazi yao ni meupe tu.

Niliwaona wachache nje ya hekalu, nguo nyeupe kwenye taa za pinki. Mmoja aliniambia Radhe Radhe. Nikaitikia. Nilikuwa naangalia ile familia ya mbele yangu inavyompita, bibi wa umri wa mama mkwe wangu, na nikashika mkono wa mume wangu kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

Tulichokubaliana

Mama mkwe alirudi salama, asante Mungu. Kama mlivyobashiri, ukoo ukataka sherehe ya shukrani: ukumbi, pilau ya watu 200, sare za kitenge, keki yenye picha yake. Shangazi wa mume wangu alikuwa ameshaandika bajeti kwenye daftari la mistari, na jina langu liko juu kabisa, kwa sababu eti mimi ni mtu wa magazine.

Nikamtazama baba watoto, akanitazama. Hatukuwa tumepanga. Akaomba daftari, akakata ukumbi. Pilau tukaibakiza, ila nyumbani, watu 40. Kilichobaki mume wangu alikwenda nacho kijijini kwao, akamuuliza mganga mfawidhi wa zahanati anakwama na nini. Mimi nilitegemea atasema kitanda cha kujifungulia au jengo, kitu cha kukatia utepe. Akasema mafuta ya pikipiki. Chanjo zipo, muuguzi yupo, pikipiki ipo, lakini kila mwezi ikifika tarehe 20 mafuta yameisha na vitongoji viwili vya mbali havifikiwi.

Basi tunalipa mafuta. Kila mwezi, tarehe 18, kwa simu, sawa na bei ya chakula chetu cha Jumamosi moja pale Masaki. Hakuna kibao chenye majina yetu, na picha ya kuwaonyesha hapa sina, pikipiki yenyewe ina matope. Mama mkwe tulipomweleza alicheka mpaka akashika mshono. Shangazi bado hajatusamehe kuhusu ule ukumbi.